Kwenye dina za kuchangisha hela za siasa, kinachouzwa ni chetu

Novemba 2019, hoteli ya Savoy, London. Chama cha Conservative kilikuwa na chakula cha jioni cha kuchangisha hela, na kwenye meza moja wakajikuta wamekaa pamoja waziri wa nyumba wa wakati huo, Robert Jenrick, na tajiri Richard Desmond, yule aliyewahi kumiliki magazeti ya Express. Desmond alikuwa na mradi wa nyumba 1,524 eneo la Westferry, mashariki mwa London, mradi wa kama pauni bilioni 1, na faili la mradi huo lilikuwa kwa waziri huyohuyo likisubiri uamuzi wake. Basi wakiwa pale mezani Desmond akatoa simu akamwonyesha video ya mradi. Waziri baadaye alisema hakujua kabla kwamba atakaa na huyo bwana, na kwamba alimwambia sio sahihi kuzungumzia suala hilo pale. Sawa. Tarehe 14 Januari 2020 akaupitisha mradi, wakati mkaguzi wa mipango miji alishauri ukataliwe. Na siku moja tu baadaye halmashauri ya Tower Hamlets ilikuwa inapitisha tozo mpya ya maendeleo ambayo ingemgharimu Desmond kati ya pauni milioni 30 na 50. Wiki mbili baada ya uamuzi, Desmond akachangia chama pauni 12,000.

Hii kesi mi nimeisoma sana, kwa sababu kila nikiitafuta rushwa ndani yake siioni, na bado najua kuna kitu kibaya kimetokea. Hakuna bahasha. Hakuna aliyeshtakiwa. Pauni 12,000 ni hela ndogo mno ukiweka pembeni ya milioni 30. Mei 2020 waziri mwenyewe alikubali kwamba uamuzi wake haukuwa halali kisheria kwa sababu ulionekana kuwa na upendeleo, ukafutwa, japo alikanusha kwamba kweli alipendelea, na akabaki kwenye uwaziri mpaka Septemba 2021. Novemba mwaka huo waziri mwingine akaukataa mradi. Meseji zilipotolewa hadharani Juni 2020 ikaonekana Desmond alikuwa anashukuru mambo yaende haraka, maana hakutaka hao aliowaita Wamaksi, yaani halmashauri, wapate hela za bure. Hizo hela za bure ni za barabara, shule na vituo vya afya, kwenye eneo ambalo ni miongoni mwa maeneo ya Uingereza yenye watoto wengi zaidi wanaoishi kwenye umaskini. Hao watoto hawakuwa na mtu wao kwenye ile meza. Wala diwani wao hakuwepo, wala yule mkaguzi aliyesoma makaratasi yote akaandika ushauri wake kwa utaratibu.

Watu wakizungumzia hizi dina huwa wanakimbilia bei ya sahani, oh mtu mmoja kala chakula cha mamilioni wakati wengine hawana hata mlo mmoja. Naelewa hasira hiyo, ila kwangu bei sio kiini. Tajiri akitaka kula sahani ghali hela ni yake. Mi kinachonisumbua ni kiti. Kile kiti cha pembeni ya waziri, ya mbunge, ya rais au ya mtu anayekaribia kuwa rais. Muda wa kiongozi na masikio yake tumeshavilipia sisi, mshahara tunamlipa, gari na ulinzi na ofisi tunalipa, na tunavilipa ili asikilize watu. Sasa chama kinachukua kitu kilicholipiwa na watu wote, kinakigawa vipandevipande kwa meza, kinakiuza tena kwa wachache, afu hela inaingia kwenye mfuko wa chama. Huko ni kuuza mali isiyo yako, na nataka tuseme hivyo hata pale ambapo hakuna kifungu chochote cha sheria kilichovunjwa.

Miaka ya nyuma niliwahi kuwa kwenye timu iliyoandaa hafla ya namna hii, na kazi yangu mimi ilikuwa kwenye ramani ya meza. Ramani ya ukumbi imebandikwa ukutani, meza zimepewa rangi kulingana na kiasi kilicholipwa, majina yanahamishwa mpaka saa za mwisho. Kwenye simu zote nilizopokea sikumbuki mtu aliyeuliza kitatolewa chakula gani. Waliuliza nimekaa wapi, mgeni rasmi atapita kwenye meza yetu au hapiti, atakaa dakika ngapi, picha tunapiga kabla au baada, na yule fulani amekaa mbele yangu kwa nini wakati tumelipa sawa. Mgombea naye alipewa karatasi ndogo, jina la mtu, biashara yake, na jambo moja la kumuuliza ili aonekane anamfahamu. Msaidizi wake alitembea nyuma yake na daftari, mtu akisema tuna shida kidogo na leseni au bandarini pamekwama, anaandika. Kule nyuma kabisa kulikuwa na meza za wanachama wa kawaida waliopewa viti vya bure ili ukumbi ujae, watu waliobandika mabango na kutembea nyumba kwa nyumba kwa miguu yao. Lile daftari halikufika kule. Hakuna aliyekataza lifike, ila muda uliisha kabla, kwa sababu ramani ilipangwa hivyo na mgombea alianza mbele.

Na nasema hivi bila kumchukia mtu aliyekuwa ukumbini siku ile. Wengi waliokaa mbele walikuwa watu wa heshima wenye shida za kweli za biashara zao, wanaajiri watu, wanalipa kodi. Shida za kweli zipo hata kwa matajiri. Ila fikiria mwanasiasa anayefanya jioni za namna hii mwaka mzima, mara mbili tatu kwa wiki kampeni zikikaribia. Kila jioni anasikia leseni, kodi, tozo, vibali, bandari. Hakuna anayemdanganya, yote anayoambiwa ni kweli. Ila taratibu kichwa chake kinajaa matatizo ya aina moja ya watu, na ukimwamsha usiku ukamuuliza nchi inahitaji nini, atakwambia kwa nia njema kabisa kile alichokisikia mezani. Hili ndilo naliogopa kuliko bahasha. Bahasha inaweza kukamatwa, kiongozi akafikishwa mahakamani. Huyu wa pili utamfikisha wapi? Hajaiba, ila amesikia upande mmoja kwa muda mrefu mno.

Kuna wanaosema kumwona kiongozi sio kununua uamuzi. Na sio watu wa mitaani tu wanaosema hivyo. Mahakama ya Juu ya Marekani kwenye kesi ya Citizens United mwaka 2010 ilisema wazi kwamba kujiweka karibu na kiongozi na kupata nafasi ya kuonana naye sio rushwa. Mwaka 2016 mahakama hiyohiyo, majaji wote kwa kauli moja, ikafuta hukumu ya aliyekuwa gavana wa Virginia, Bob McDonnell. Yeye na mkewe walipokea zawadi na mikopo ya zaidi ya dola 175,000 kutoka kwa mfanyabiashara mmoja, saa ya Rolex ikiwemo, na gavana akawa anampangia mikutano na maofisa wa serikali. Mahakama ikasema kupanga mkutano, peke yake, sio tendo rasmi la kiofisi.

Mi hapa siwezi kukubaliana nao. Ukishakuwa mtu usiye na hela wala jina, unajua kabisa kwamba kazi ngumu ni kufika, maana ukifika ukasikilizwa vizuri mara nyingi mambo yanaenda. Watu wanakaa kwenye mabenchi ya ofisi za umma toka asubuhi, wanaambiwa mheshimiwa ametoka, mheshimiwa yuko kwenye kikao, andika barua. Barua inaandikwa, inaandikwa tena. Sasa wewe unakuja kuniambia kile kitu ambacho watu wanakipigania maisha yao yote, kwa mwenye hela kinapatikana jioni moja huku anakula, na sio kitu cha thamani kiasi cha kuitwa rushwa? Kama hakina thamani mbona kina bei?

Na hili limepimwa. Watafiti Joshua Kalla na David Broockman walichapisha mwaka 2016 jaribio walilofanya na kikundi kimoja cha wanaharakati kilichokuwa kinaomba kuonana na wabunge wa Congress kuhusu muswada fulani. Ofisi 191 zilitumiwa maombi. Kwa bahati nasibu ofisi nyingine ziliambiwa wanaotaka kuja ni wananchi wa jimbo, na nyingine zikaambiwa wanaotaka kuja ni wachangiaji wa kampeni. Hoja ileile, kikundi kilekile. Waliotambulishwa kama wachangiaji walipata kuonana na wakubwa wenyewe, yaani mbunge au mkuu wa wafanyakazi wake na watu wa ngazi hizo, mara 3 hadi 4 zaidi. Mkono mtupu haulambwi, wahenga walishasema, na hapo tunazungumzia nchi yenye sheria nyingi za kuripoti kila senti ya kampeni.

Tuje kwenye hizo bei sasa, maana zinaonyesha kitu kingine. Aprili 2016 mwigizaji George Clooney na mkewe walishiriki kuandaa jioni ya kumchangia Hillary Clinton, aliyekuwa anawania urais wa Marekani, huko San Francisco, na wawili waliotaka kukaa meza kuu waliombwa dola 353,400. Clooney alipoulizwa kwenye televisheni alikubali kwamba hizo ni hela nyingi kiasi cha kuchukiza, na kwamba hazitakiwi kuwepo kwenye siasa, ila akaeleza kwamba sehemu kubwa inaenda kwa wagombea wengine wa chama ili wapate Seneti. Nilimheshimu kwa kusema vile. Lakini wakati ule mgombea alikuwa haruhusiwi kupokea zaidi ya dola 2,700 kutoka kwa mtu mmoja kwa uchaguzi mmoja, kwa hiyo hiyo 353,400 inawezekanaje? Inawezekana hivi, dola 33,400 zinahesabiwa kwa chama taifa, afu 10,000 kwa kila chama cha jimbo, majimbo zaidi ya 30, zote zinapokelewa pamoja kwenye mfuko mmoja. Mwaka 2014, kwenye kesi ya McCutcheon, Mahakama ya Juu ilifuta ukomo wa jumla wa hela ambazo mtu mmoja anaweza kugawa kwa wagombea na vyama vyote, na toka hapo njia ikawa nyeupe. Yaani ule ukomo wa 2,700 ulikuwa bado upo kwenye sheria, kila mtu anauheshimu, na viti viwili vikauzwa zaidi ya mara 100 yake bila mtu kuvunja chochote.

Kwa Japan ndio utaona chakula chenyewe kinafanya kazi gani. Kule kampuni zilishakatazwa toka mwaka 2000 kumchangia mwanasiasa mmojammoja moja kwa moja. Ila tiketi ya pati ya mwanasiasa kampuni inaruhusiwa kununua, kwa sababu kisheria tiketi inahesabika kama malipo ya shughuli unayohudhuria. Tiketi moja kwa kawaida yen 20,000, kampuni inanunua nyingi, na wengi wa walionunuliwa tiketi hawaendi kabisa, kwa hiyo faida inabaki kwa mwanasiasa. Chakula kinageuza mchango uliokatazwa kuwa biashara iliyoruhusiwa. Afu makundi ndani ya chama tawala cha LDP yakawa yanawapangia wabunge idadi ya tiketi za kuuza, ukizidisha, ya ziada unarudishiwa kimyakimya bila kuandikwa popote. Kundi la marehemu Shinzo Abe, waziri mkuu wa zamani, peke yake lilikutwa na takriban yen milioni 675 ambazo hazikuripotiwa kwa miaka 5. Waziri mkuu Kishida akatangaza Agosti 2024 kwamba hagombei tena uongozi wa chama, na Oktoba chama kikapoteza wingi wake kwenye baraza la wawakilishi. Wananchi walikasirika, na haki walikuwa nayo.

Nigeria, Desemba 20, 2014, chama cha PDP kilifanya chakula cha jioni Abuja kumchangia Rais Goodluck Jonathan aliyekuwa anagombea tena. Usiku mmoja zikapatikana naira bilioni 21.27, ahadi zikiwemo. Sheria ya Uchaguzi ya 2010 ilikuwa inasema mgombea urais asitumie zaidi ya naira bilioni 1, na mtu mmoja asimchangie mgombea zaidi ya naira milioni 1. Kulikuwa na magavana 21 wa chama walioahidi naira milioni 50 kila mmoja, ukizidisha hapo tu umeshapita bilioni 1, na mi swali langu kwa hao magavana ni moja, hela za nani? Ghana nayo mwaka 2017 kukawa na kelele bungeni kuhusu hafla ya tuzo za wafanyabiashara wa kigeni ambapo ilidaiwa watu walitozwa mpaka dola 100,000 kwa viti vya karibu na rais. Kamati ya bunge iliundwa, walio wengi wakasema hakuna kosa, upinzani wakakataa ripoti, jambo likaishia hapo.

Ukiondoka kwenye hela kuna suala la mlango uliofungwa, nalo ni zito. Mei 2012 Mitt Romney, aliyekuwa anagombea urais wa Marekani kwa Republican dhidi ya Obama, alikuwa Boca Raton, Florida, kwenye dina ya dola 50,000 kwa sahani, akawaambia waliokuwepo kwamba kuna asilimia 47 ya Wamarekani ambao watampigia kura Obama vyovyote iwavyo, wanaitegemea serikali, wanajiona waathirika, na kwamba kazi yake yeye sio kuhangaika na hao watu. Mhudumu wa vinywaji alirekodi. Septemba ikatoka, na nchi nzima ikasikia. Na isionekane ni upande mmoja, Obama naye Aprili 2008 San Francisco, kwenye shughuli ya kuchangisha ambayo waandishi hawakualikwa, alisema watu wa miji midogo iliyokosa ajira wamekuwa na uchungu wanang'ang'ania bunduki na dini, na ikajulikana tu kwa sababu mmoja wa wachangiaji alikuwa pia anaandika habari. Kilichoniuma kwenye zote mbili ni kwamba waliokuwa wanazungumziwa ndio haohao ambao mgombea kesho yake anawafuata kwenye viwanja, anawashika mikono, anabeba watoto wao. Mtu anayeomba madaraka anatakiwa awe na hotuba moja. Kama kuna maneno anayoweza kuyasema kwa waliolipa tu, basi waliolipa wanamjua mgombea ambaye sisi hatumjui, na tunaenda kupiga kura tukiwa tunajua nusu.

Nije kwenye sheria zetu. Aprili 2006 Mahakama Kuu ya Tanzania ilifuta vifungu vya sheria ya uchaguzi vilivyokuwa vinaruhusu takrima, yaani mgombea kuwakirimu wapiga kura vyakula na vinywaji ikaitwa ukarimu wa kimila. Mashirika ya kutetea haki yalifungua kesi, na mahakama ikakubali kwamba vifungu vile vinawabagua wagombea wasio na hela na vinaharibu uhuru wa uchaguzi. Uamuzi mzuri sana, nauunga mkono mpaka leo. Ila hoja ile ukiifuata mpaka mwisho wake haiwezi kuishia kwa mpiga kura. Maskini akila sahani ya mgombea, tunasema kura yake imechafuliwa, mgombea amemnunua. Sasa kwenye dina ya kuchangisha mgombea ndiye anayelishwa, analishwa yeye na kampeni yake nzima, na mwenye kulisha ni mtu ambaye kesho anaweza kuwa na faili serikalini. Kwa nini ya kwanza iwe ni rushwa na ya pili iwe ni kushiriki demokrasia? Mla cha mwenziwe na chake huliwa, na hiyo inamhusu mwenye madaraka kabla ya mtu mwingine yeyote, kwa sababu yeye ndiye mwenye kitu kikubwa cha kuliwa.

Najua nitaambiwa kampeni zinahitaji hela. Ni kweli. Mafuta, vipaza sauti, mawakala wa kulinda kura, matangazo, vyote hela, na chama kisichokuwa na pa kuchangisha kwa uwazi kinaweza kuishia kwenye hazina ya umma au kwa watu wa hatari zaidi. Hoja hii naipa uzito. Pia kuna wanaosema dina ni afadhali kuliko mwanasiasa kushinda kwenye simu akiomba, na wana ushahidi, Januari 2013 iliripotiwa kwamba wabunge wapya wa chama cha Democratic huko Marekani walionyeshwa ratiba ya mfano ya siku yao, masaa 4 ni ya kupiga simu za kuomba hela. Masaa 4 kila siku, mtu aliyechaguliwa kutunga sheria. Ukilinganisha na hilo, jioni moja inaonekana nafuu. Lakini simu na dina ni ugonjwa mmoja, huwezi kuutetea mmoja kwa kuuonyesha mwingine.

Na hela ndogondogo za watu wengi nazo nazipenda ila sizioni kama dawa kamili. Bernie Sanders, aliyewania urais wa Marekani mwaka 2016, alienda mbali sana kwa michango ya wastani wa dola 27, akaonyesha inawezekana. Shida yake ni kwamba ujumbe unaovuta hela ndogo haraka ni ule wa kutisha na kukasirisha, leo usipotuma adui atashinda, na mwanasiasa akizoea kuishi kwa hasira za watu atakuwa anazichochea hata pasipo na sababu. Hata hivyo nikilazimishwa kuchagua nachagua hiyo, kwa sababu mwenye kutoa dola 27 hapati kiti. Anatoa kwa sababu anaamini, afu anarudi kazini kwake.

Nini kifanyike basi. Canada walikuwa na mjadala mkali mwaka 2016 baada ya kujulikana kwamba Waziri Mkuu Justin Trudeau na mawaziri wake wanakutana na wachangiaji kwenye majumba ya watu kwa tiketi za kama dola 1,500, wakati miongozo ya Trudeau mwenyewe ilikataza hata kuonekana kama wachangiaji wanapendelewa. Mwaka 2018 ikapitishwa sheria, shughuli yoyote ya kuchangisha yenye tiketi ya zaidi ya dola 200 ambayo atakuwepo waziri mkuu, waziri au kiongozi wa chama, lazima itangazwe siku 5 kabla na majina ya waliohudhuria yaripotiwe ndani ya siku 30. Hatua nzuri, ila kwangu haitoshi. Majina yanakwambia nani alikuwepo, hayakwambii alikaa na nani. Mi ningetaka ramani ya meza itangazwe pamoja na majina, na ningetaka waandishi waingie ukumbini na warekodi. Na kwa aliyeko serikalini tayari, waziri mwenye kalamu ya kusaini vibali, ningeenda mbali zaidi, asiwe kivutio cha kuuzia tiketi kabisa. Chama kichangishe kwa kutumia watu wake wengine. Mtu mwenye faili linalosubiri kwa waziri asikae naye meza moja mahali ambapo kiti kinalipiwa, na jukumu la kuhakikisha hilo liwe la waziri na ofisi yake, isiwe tena kisingizio cha sikujua nitakaa na nani.

Hela mbadala zipo, watu wameshajaribu. Ujerumani serikali inakipa chama senti 45 kwa kila euro 1 ya ada au mchango wa mtu binafsi, mpaka euro 3,300 kwa mtu, kwa hiyo chama kina faida ya kutafuta watu wengi badala ya mmoja mkubwa. Jiji la New York linaongezea michango midogo ya wakazi wake mara 8. Seattle toka uchaguzi wa 2017 kila mkazi anayestahili anapewa vocha 4 za dola 25 awape wagombea anaowataka, na wengi bado hawazitumii, lakini mgombea sasa ana sababu ya kwenda kukaa sebuleni kwa watu ambao zamani asingepoteza muda nao. Hapa ndipo moyo wangu ulipo. Fikiria daftari la msaidizi likianza kujaa vitu vingine, bomba la maji limekatika miezi, mwalimu hayupo, nauli imepanda.

Na kwa wewe mwenye uwezo, unayealikwa kila mwaka na unayejua moyoni hutafuti kibali wala tenda, unaamini tu sera za chama chako, nina ombi moja. Toa hela, kwa kiwango kinachoruhusiwa, kwa jina lako, afu usiende. Waambie kabisa kwamba hutaki kiti, hutaki picha, na kile kiti wasimuuzie mtu mwingine. Kama hela yako ilikuwa ya imani tupu hutakuwa umepoteza chochote, na chama hakitakuwa na cha kulalamika maana hela imefika. Afu mwulize mweka hazina wa chama maswali mawili, mgombea akitenga masaa matatu ya jioni ile kwa watu walioandika barua wakakosa majibu itakuwaje, na nani kati ya wenzako waliolipa ataomba kurudishiwa hela yake akisikia hivyo.